Uzio wa Mama Yenu

Kwanza fungua huo mlango, binti yangu. Sisemi neno mpaka nisikie ufunguo umezunguka na mama yenu ametoka kwenda uani. Nimewaita nyote watatu, mmeacha kazi zenu mkaja, nimewaona na nimefurahi, lakini anayetaka kusikia nilichomwitia atangoja mama yake atoke kwanza. Usinijibu habari ya joto. Joto hili nimeishi nalo tangu sijaota ndevu, nalijua kuliko unavyolijua wewe. Mfunge kitambaa kichwani, mwachie subana yake kidoleni, mfungulie, kisha urudi ukae hapa miguuni pangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali.

Haya. Mnasikia? Tak, tak, tak. Hiyo ni subana yake, kile kikofia cha chuma cha kushonea, anakipitisha kwenye mbao za uzio huku anatembea. Mikono ya mama yenu imeshona nguo za nusu ya mji huu, na leo hakumbuki jina la mji wala majina yenu, lakini subana hakubali ivuliwe. Anaanzia mlango wa jikoni, anafuata uzio, anazunguka ua mzima, anarudi alikoanzia, anaanza tena. Tangu miguu yangu ikatae kunibeba, mimi nalala hapa chini ya dirisha na kumfuata kwa masikio. Ikilia kwa kasi najua anagombana na mteja fulani aliyekwisha kufa zamani. Ikilia polepole najua ametulia. Jana mchana niliisikia mahali isipopaswa kuwa, kwenye mlango wa chumba, kwa ndani, na ufunguo uko mfukoni mwa binti yangu. Aligonga, akagonga, akagonga. Halafu akanyamaza. Wanangu, daktari ameshanitazama kwa lile jicho lao la pole, na sikuogopa. Lakini subana ile iliponyamaza niliogopa mpaka nikalowa jasho kitandani.

Ndiyo maana mko hapa. Siku zangu zimekwisha, hilo hatuna haja ya kufichana, na nimechoka kiasi kwamba hata kuhuzunika ni kazi. Sina mashamba ya kuwagawia. Nina nyumba hii, nina karakana yangu kule barabarani, nina vyombo vya kazi, na nina mama yenu. Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote nitakayosema ni namna ya kulitimiza: mama yenu asifungiwe. Awe na ua wake, atembee, na mtu wa nje asimwone. Basi. Msinikatize, kwa sababu nikikatizwa sijui kama nitaweza kuanza tena.

Binti yangu, usilie. Hakuna anayekulaumu hapa. Siku ile umekaa saluni kwako, vidole viko kwenye nywele za mteja, mteja anacheka na simu yake, anakugeuzia na wewe ucheke, na kwenye kioo cha simu ni mama yako mzazi hana nguo, amepigwa picha kwenye ufa wa uzio wetu wenyewe. Na ukamaliza kumsuka yule mteja. Mimi nisingeweza. Ulipofika nyumbani ukachukua ufunguo, na ningekuwa na miguu labda na mimi ningeuchukua. Lakini nataka uelewe jambo moja kuhusu mama yako, kwa sababu umekuwa ukisema amepoteza haya. Hajapoteza haya. Mtazame siku moja kabla hajavua. Anashika mshono wa bega, anaupima kwa kidole, anatikisa kichwa. Anaona hilo gauni ni la mteja, na mkono umewekwa vibaya, na lazima ufumuliwe kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Basi analivua alitengeneze. Yuko kazini. Ukimkuta hivyo usimpigie kelele, mwambie, "Mama, nipe, nitaumalizia mimi," umpe gauni lingine. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo kila siku na hakuwahi kunikatalia.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu, mbona umeinamisha kichwa? Inua. Uzio uliujenga wewe, nilipokuwa hospitali, na wanakwambia kila mahali kwamba mtoto wa fundi wa uzio amejenga kichekesho. Nimesikia. Wengi walikuwa wakinicheka mimi kabla yako, kwamba nimezungushia uzio nyumba za watu mji mzima na kwangu mwenyewe ua uko wazi kama uwanja wa mpira. Mama yenu ndiye hakutaka. Alikuwa akishona hapo kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, na alitaka kumwona mteja tangu anapokata kona, ili apate muda wa kuficha kwamba nguo yake hajaigusa. Kwa hiyo tukakaa bila uzio, na hata ugonjwa huu ulipomwingia bado hatukuwa na uzio, na nitawaambia kitu cha ajabu: hakukuwa na shida kubwa. Akitoka bila nguo, wanaume waliopita barabarani waligeuza nyuso. Yule mama muuza mkaa wa ng'ambo alikuwa akija mbio na shuka, anamfunika, anamrudisha ndani wakizungumza habari za vitambaa. Mtu akiona kila kitu kiko wazi mbele yake, anaona aibu, anatazama pembeni.

Halafu ukaja uzio wako, mwanangu, na nyufa zake. Hapo ndipo watu walipoanza kuchungulia. Mtu yuleyule aliyekuwa akigeuza uso barabarani, mpe ufa wa upana wa kidole, atainama. Ufa unamfanya aone kwamba kuna kitu kinafichwa, na kwamba akitazama hakuna atakayemwona anatazama. Nimelala hapa nikawasikia wanasukumana kugombea nafasi. Sikuwa na nguvu hata ya kutupa kikombe.

Lakini kosa lako nalijua, na nisikilize vizuri maana hapa kuna kheri yake. Ulinunua mbao kwa yule mwenye duka la mbao njia ya kituo cha mafuta. Na yule mtu, kwenye jua hili, hufanya nini asubuhi na jioni? Anazimwagia maji. Mbao ikikauka dukani kwake inapasuka, inapinda, haiuziki. Ikimwagiwa maji inanona, inanyooka, inapendeza. Na maji anayapata wapi? Si kwenye gari lako la maji? Miaka yote hii unampelekea maji kwa gari lako, anayamwaga juu ya mbao, na siku mama yako anahitaji uzio ukaenda ukayanunua tena yakiwa ndani ya mbao! Cheka, bwana. Mdogo wako anacheka. Na mimi ningecheka zaidi ningekuwa na pumzi.

Ukazipigilia zikiwa zimelowa, zimebanana, hata sindano haipiti, ukasimama ukaona umefanya kazi. Na ulikuwa umefanya kazi, sikatai. Kisha jua likaja. Jua letu halina haraka, linanyonya ubao kidogo kidogo, ubao unasinyaa kwa upana, kila mmoja unajivuta kwake, na nafasi inafunguka kati ya huu na ule. Mimi mwenyewe mbao mpya nazipanga kivulini, kati ya moja na nyingine naweka vijiti hewa ipite, naziacha mpaka nizisahau. Mteja anakuja anafoka, fundi mbao zipo kwa nini hujengi, mimi nasema bado hazijanizoea. Hukujua, kwa sababu hukuwahi kutaka kujua, na mimi sikukulazimisha. Ulipenda magari tangu unatambaa. Lakini sikiliza kheri yenyewe: mbao zako sasa zimekauka. Zimekaa juani msimu mzima wa joto, zimesinyaa zilivyotaka kusinyaa, zimemaliza ujinga wao. Hakuna mbao bora kuliko hizo katika mji huu leo. Kwa hiyo ukuta wa matofali unaotaka kuujenga, uache. Usivunje uzio wako ukawapa watu kuni. Utafungua ubao mmoja mmoja, kwa upole, na utaujenga upya.

Ukuta wa matofali nauogopa kwa ajili ya mama yenu. Matofali yanakunywa jua kutwa, usiku ndiyo yanalitema, na upepo haupiti. Ua huu utakuwa tanuri na yeye ndani yake. Na wewe, kitinda mimba, mpenzi wa mabati, fundi wangu wa kuchomelea, najua unaweza kuuzungushia ua huu mabati kwa siku moja na ukawa imara kuliko chochote nilichowahi kujenga. Lakini mama yako anatembea ameshika. Saa saba mchana weka kiganja chako kwenye bati, uhesabu mpaka utakapokitoa. Yeye hataweza kujua kwa nini anaungua. Atashika tena. Ndiyo maana nasema mbao.

Nipeni maji kidogo. Si mengi, kulowesha midomo tu. Asante, binti yangu.

Mnasikia amefika wapi? Amefika kwenye pembe ya nyuma. Sikilizeni sasa. Kimya. Amekwama. Akifika kwenye pembe hajui kugeuka, anasimama ameitazama kona, uso kwa mbao, jua linampiga kisogoni, na atasimama hivyo mpaka mtu aende amshike bega amgeuze. Nenda, kitinda mimba, umgeuze. Usimvute. Mguse bega la kulia na useme, "Huku kuna mteja, mama." Atageuka.

Umerudi. Vizuri. Basi uzio mpya usiwe na pembe. Kwenye kila kona mtaweka nguzo mbili badala ya moja, mtakata kona kwa mshazari, ili mkono wake ukifika hapo ufuate mbao na umgeuze wenyewe bila yeye kujua. Hilo halimo katika uzio wowote nilioujenga. Nimeliwaza hapa nimelala, nikisikiliza anavyokwama. 

Nguzo zichimbiwe mpaka mpite mchanga mfikie udongo mgumu. Ukiona jembe linalia, hapo. Sehemu itakayofukiwa ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa, mara nyingi, mpaka ubao ukatae kunywa. Zege lichanganywe alfajiri kabla jua halijatoka, na likimwagwa lifunikwe magunia, na magunia yalowekwe maji asubuhi na jioni siku kadhaa. Zege linalokaushwa na jua la mchana ni vumbi lililojikaza tu, linavunjika kwa teke. Hapo gari lako la maji litafanya kazi ya maana, kifungua mimba. Juu ya ardhi msiguse oili chafu, itamchafua mikono na ataifuta kwenye gauni na tutarudi kulekule. Juu pakeni mafuta safi ya mbao, pande zote mbili, na miisho ya ubao msiisahau, maana ubao unapumulia miishoni. Ukipaka upande mmoja tu, utapinda kuelekea uliouacha mkavu. Misumari hapana. Misumari kwenye joto hili inajitokeza yenyewe, kichwa kinachungulia, na mkono wa mama yenu unapita hapohapo. Skrubu, na zizamishwe ndani. 

Mbao msizipange mstari mmoja. Mtaweka safu ya nje, ubao na nafasi, ubao na nafasi, nafasi iwe nyembamba kuliko ubao. Kisha safu ya ndani, ubao uje mbele ya nafasi, ukizipanda mbao za nje kidogo huku na kidogo huku. Upepo utaingia kwa kukata kona, lakini jicho haliwezi kukata kona. Mtu ataweka uso wake pale aone nini? Ataona ubao. Na upepo wetu ule wa mchana, unaoangusha uzio uliobanwa wote kama mtu aliyesukumwa kifuani, utapita ndani na kumpoza mama yenu.

Sasa mtasema mbao hazitatosha. Ni kweli, safu mbili zinakula mbao. Hapo ndipo tunafika kwenye karakana.

Najua mmekuwa mkinong'ona. Nimelala, sijafa. Kifungua mimba anataka karakana ipangishwe kwa yule muuza soda na barafu, kitinda mimba anaitaka aweke mashine zake za kuchomelea, na mna miezi hamjazungumza ana kwa ana, mnatumiana maneno kwa mdomo wa dada yenu, naye anaenda huku na huko kama mpira. Leo mmekaa kwenye ukingo wa kitanda kimoja na katikati yenu pana nafasi ya mtu wa tatu. Basi nisikilizeni. Karakana siwaachii. Si wewe, si wewe. Namwachia mama yenu, na namwachia ikiwa imebomolewa.

Ndiyo, mmesikia. Kuta zile za mbao nilizijenga kabla yenu wote watatu. Zimepigwa na jua na mchanga mpaka zimekuwa rangi ya majivu, na hazijasogea hata unywele. Hizo hazina maji ya mtu ndani yake. Mtazibomoa, ninyi wawili, pamoja, mmoja akishika na mwingine akifungua, kwa sababu mbao ndefu zile mtu mmoja akizifungua zitamwangukia. Hizo ndizo safu ya ndani, upande wa mama yenu. Binti yangu atachukua randa yangu. Wanashangaa! Randa yangu ni ya binti yangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa kwenye vumbi la mbao unapitisha kiganja, unaniambia, "Baba, hapa panakwaruza," na kweli palikuwa panakwaruza. Utalainisha kila ubao wa ndani kuanzia kiunoni kwake mpaka begani, kwa randa, kisha kwa msasa, kisha kwa kiganja chako. Pakikukwaruza wewe, patamchoma yeye. Mikono hiyo imekwisha kujua kichwa cha mtu kwa kugusa, haitashindwa na ubao.

Na kitinda mimba atatengeneza lango. Bawaba nzito, ziwe kwa nje, chuma chochote kisiwe ndani. Lango lisijulikane kama ni lango. Safu ya mbao ipite juu yake bila kukatika, ndani kusiwe na mpini wala komeo wala kitu cha kushika, mkono wake upite hapo kama unavyopita kwingine. Mlango uliofungwa mama yenu anaujua. Akiuona ataupiga na kulia. Lakini asipouona hatajua kwamba amezuiwa, atazunguka tu, na kila akizunguka ni safari mpya. Naona hiyo ndiyo heshima iliyobaki tunayoweza kumpa.

Nyumba hii haiuzwi yeye akiwa hai. Siku atakayonifuata, fanyeni mtakavyo, uzeni, gawaneni, gombaneni kama mnapenda. Sitakuwapo kusikia na huo utakuwa mwanzo wa mapumziko yangu. Misumeno na patasi mgawane wenyewe. Kiwanja cha karakana kikibaki kitupu, wekeni hapo soda, wekeni mashine, mmoja mbele mmoja nyuma, ni kikubwa, sijawahi kuelewa mnagombania nini.

Ngojeni kidogo. Nipumzike.

...Mpo? Nilidhani mmeondoka. Binti yangu, nishike mkono. Mbona mkono wako wa baridi kwenye joto hili?

Nawaambieni jambo la mwisho, na hili ni gumu kuliko zege. Mnajua mama yenu akija hapa dirishani ananiita nani. Ananiita fundi. Kila siku ananiuliza, "Fundi, uzio wangu utaisha lini?" Mlikuwa mnakasirika kwa ajili yangu, mnamwambia, "Mama, huyu ni mume wako." Acheni. Mnajua nilivyompata? Nilipelekwa kujenga uzio kwenye nyumba aliyokuwa akishonea, kwa mama mmoja mwenye wateja wengi, na yeye alikuwa msichana wa cherehani ya pembeni. Kazi ya siku chache tu. Niliivuta. Kila asubuhi anatoka na futi yake shingoni, anauliza, "Fundi, utaisha lini?" Mimi nasema, "Kesho, dada. Leo nakwenda kuchukua mbao." Naondoka, nazunguka barabarani mikono mitupu, narudi kesho yake kumwona. Aliniambia mafundi wote waongo. Aliniambia hivyo mpaka nikamwoa, na akaendelea kuniambia hivyo baada ya hapo. Katika vyote vilivyofutika kichwani mwake, amebakiwa na mimi wa siku zile, kijana mwongo anayesubiriwa amalize kazi. Nani mwingine mzee wa umri wangu anasubiriwa namna hiyo? Mimi sikuwahi kusikitika. Nasema kweli, sikusikitika hata siku moja.

Sasa, nikiondoka, atakuja hapa dirishani. Ataona kitanda kitupu. Atauliza, "Fundi yuko wapi?" Msimwambie nimekufa. Nawaomba kwa jina la maziwa aliyowanyonyesha. Mkimwambia, ataelewa, atalia, kisha atasahau, na kesho atauliza tena, na mtamfanya mjane kila siku ya Mungu. Mwambieni fundi amekwenda kuchukua mbao. Hilo tu. Atanuna. Atasema mafundi wote waongo. Lakini atangoja bila kulia, kwa sababu jibu hilo analijua, na mara zote aliponingoja nilirudi.

Mnaahidi? Semeni kwa sauti, nisikie. Na wewe. Na wewe pia.

Basi nimemaliza. Nizikeni asubuhi, kabla mchanga haujawaka, na msisimame sana juani kwa ajili yangu. Uzio uanzwe mapema, msingoje watu wamalize kutoa pole. Sogeeni. Wekeni vichwa hapa. Mungu awape kivuli popote mtakapokuwa. Awape watu wa kugeuza uso mnapofikwa na aibu, na wa kuleta shuka. Ninyi wawili, awarudishe kwenye ukingo wa kitanda kimoja bila nafasi katikati. Wewe binti yangu, mikono yako isikose kazi wala kupumzika. Radhi yangu mnayo yote, sijabakiza kitu... Nimechoka, wanangu. Nimechoka vizuri.

Sss. Nyamazeni.

Tak... tak... Amepita kona. Hakukwama, mmesikia? Anakuja huku. Unyanyue kidogo mto huu, binti yangu, anione. Usimwambie kitu.

Karibu, dada... Ndiyo, mimi... Uzio? Kesho, dada. Kesho unaisha... Leo... leo nakwenda kuchukua mbao.